Ukienda umisheni Karonga, punguza ratiba ukutane na watu

Kwaya na vikundi vya uinjilisti kutoka Mbeya, Tukuyu na Kyela vimezoea kuvuka mto Songwe pale Kasumulu na kwenda kuhubiri katika wilaya ya Karonga, kaskazini mwa Malawi. Nimekwenda katika safari hizo mara kadhaa nikiwa mweka hazina wa kwaya, na kwa kuwa bajeti na ratiba hupitia mikononi mwangu, nimejua mapema kuliko wengine kinachowazuia wageni wasikutane na wenyeji. Kinachowazuia ni ratiba yenyewe. Asubuhi inapangwa semina, mchana ushuhuda wa nyumba kwa nyumba, jioni mkutano wa hadhara wenye spika na jenereta, na usiku mazoezi ya nyimbo za kesho yake. Kikundi kinaweza kuhubiria mamia ya watu kwa namna hiyo na kurudi nyumbani bila kuketi na mtu hata mmoja akamaliza habari yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kiongozi wa safari ni kufuta kitu kimoja kila siku. Mimi ningefuta semina ya asubuhi, maana ndiyo huhudhuriwa na wale wale viongozi wa kanisa mtakaokuwa nao jioni, na wakati huo watu wengi wako shambani, sokoni au ziwani. Muda huo utumike kuwafuata huko waliko, bila spika.

Jambo la pili ni malazi. Nyumba za wageni ziko mjini Karonga na bei yake si kubwa, lakini kanisa mwenyeji likijitolea kuwagawa katika nyumba za waumini, kubalini, hata kama baadhi yenu watalala kwenye mkeka. Mgeni anayelala nyumbani kwa mtu huamka na watu wa nyumba hiyo, husikia anayebisha hodi alfajiri amekuja kukopa nini, na hujua maji yanachotwa wapi. Msiende mikono mitupu: sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vinatosha, na mama mwenye nyumba apewe jioni ile ile ya kwanza. Mkimpa siku ya kuondoka vitafanana na malipo, na wapo watakaoona kwamba ukarimu wao umetiwa bei. Kadhalika msibebe mpishi wenu. Nimeona vikundi vinavyokwenda na masufuria yao na kupikiwa nyuma ya kanisa, kwa nia njema ya kutowalemea wenyeji, kisha wakashangaa kwamba hakuna aliyewazoea.

Chakula cha jioni huchukua muda, na muda huo ndio mnaoutafuta. Kwanza anakuja mtoto na beseni na jagi, anapiga magoti mbele ya aliye mkubwa kuliko wote, anammiminia maji mikononi, kisha anamfuata wa pili yake. Nsima, yaani ugali wao, inaletwa imepakuliwa bonge juu ya bonge, kila bonge limelainishwa kwa mwiko uliochovywa majini, pamoja na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, waliopikwa kwa nyanya. Wanawake wengi hula jikoni, kwenye kibanda kilicho nyuma ya nyumba, kwa hiyo dada na mama wa kikundi chenu waende kuketi huko badala ya kubaki sebuleni na wachungaji. Katika safari moja mama zetu walirudi kutoka jikoni wakiwa na habari ambazo hakuna mzee wa kanisa aliyetutajia: kwamba nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na baba aliyekwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, wengine wakiwa hawajatuma salamu kwa miaka. Mhubiri wetu alikuwa ameandaa somo la wajibu wa mume kwa mkewe, kwa mifano ya mume anayerudi kutoka kazini kila jioni. Alilibadilisha usiku ule.

Kuhusu lugha, msitegemee Kiswahili peke yake. Sokoni na mpakani mtaelewana vizuri, lakini wanaokijua zaidi ni wafanyabiashara, madereva na vijana waliozoea kuvuka Songwe, hivyo mkikitegemea hicho tu mtakutana na watu wa aina moja. Aliye Mnyakyusa miongoni mwenu ana nafasi kubwa, kwa sababu lugha yake na ya Wangonde, wenyeji wa Karonga, ni ndugu, na koo nyingi zina watu pande zote mbili za mto. Mpangeni atembelee wazee. Wengine mwombeni mkalimani, ikiwezekana mwanamke kwa wanawake, na mnapozungumza mtazameni mnayezungumza naye, si mkalimani. Kabla ya yote hayo, wenyeji wenu wawapeleke kwa mkuu wa kijiji mkajitambulishe. Wangonde wana chifu wao mkuu, Kyungu, na chini yake ngazi ya uongozi inashuka hadi kijijini. Mgeni aliyepita kwa mkuu wa kijiji hatiliwi shaka anapoonekana mlangoni kwa mtu.

Ni vizuri pia mjue mnakwenda kwa nani. Wamisionari wa Kiskoti walianza kazi yao Cape Maclear, kusini mwa ziwa, mwaka 1875, wakahamia Bandawe, na mwaka 1894 Robert Laws akaanzisha kituo cha Livingstonia juu ya mlima wa Khondowe. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Maana yake ni kwamba Injili ilifika kwenye pwani za ziwa hilo upande wa Malawi kabla haijafika Rungwe, na mzee mnayetaka kumshuhudia huenda babu yake alikuwa mzee wa kanisa. Mwulizeni kwanza, mkae msikilize. Wazee wa Karonga wana mengi, likiwamo lile la Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyezungumza lugha hii hii ninayoiandikia, aliyewaua Wangonde wengi mwaka 1887 na kunyongwa mwaka 1895. Kwaya inayoshuka kwenye basi ikiimba kwa Kiswahili inafaa iijue habari hiyo. Jambo moja tu msilianzishe, nalo ni jina na mpaka wa ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, serikali zetu hazijakubaliana mpaka unapita wapi, na hakuna roho iliyookolewa kwa ubishi huo.

Ikitokea kuna msiba, sitisheni ratiba yote. Tulipofikwa na hali hiyo, wapo waliotaka tuhamishie mkutano kijiji cha jirani ili siku isipotee, lakini kiongozi wetu alikataa. Wanaume tuliketi chini nje pamoja na wanaume, wanawake wakaingia ndani kwa wafiwa, na tulichanga kama walivyochanga majirani. Mimi niliangukia kati ya wavuvi wawili, tukazungumza bei ya nyavu Kyela na Karonga, kisha mmoja wao akanisimulia marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hatukuhubiri. Mchungaji mwenyeji ndiye aliyeongoza ibada, na ndivyo ilivyopasa.

Picha msipige kabla ya kuomba, na msibani msipige kabisa. Ahadi nazo zichungeni. Mtaombwa ada ya mtoto, baiskeli, hata namba ya mfadhili, na maombi mengi yatakuwa ya kweli. Asiwepo mmoja wenu anayejibu peke yake kwa huruma ya wakati ule. Mwelekezeni mwombaji kwa baraza la wazee wa kanisa lake, wanaomfahamu, na mchango wenu upitie huko kwa stakabadhi.

La mwisho ni la mweka hazina. Mnapoandaa bajeti ya safari, tengeni humo humo nauli ya wenyeji kuja kwenu baada ya miezi michache, watu wanne au watano, wakiwamo mama waliowapikia na si wachungaji peke yao. Mkisema mtaichanga mkisharudi, haitapatikana. Punguzeni sare mpya za kwaya ikibidi, na walale majumbani mwenu, si hosteli ya kanisa.