Maswali ya kufuma: sweta halifungi, uzi umeisha, mteja analia bei

Mvua zimekwisha, kipupwe kimeingia, na kila aliyewahi kushika sindano ya kroshia anataka sweta la vifungo, tena lenye vinundu na misuko kama alivyoliona kwenye simu. Vizuri. Wale mnaoendelea kuniandikia "naomba pateni", yaani maelekezo ya kufuma, bila kutaja kipimo, uzi wala sindano, mmerukwa tena.

Shikamoo fundi. Nimefuata video mwanzo mwisho. Mwalimu alisema kwa kifua cha sentimita 100, mgongo wa sweta la vinundu ni mishono 77, sindano namba 5. Nimefuma mgongo na vipande viwili vya mbele, nimeunganisha, halifungi. Ina maana video ni ya uongo? (Mbagala)

Marahaba. Video haijadanganya. Ilikuwa inazungumzia mkono wa yule mwalimu, si wako.

Tuweke hesabu mezani. Kifua ni sentimita 100. Sweta la kuvaliwa juu ya nguo nyingine linahitaji nafasi, tuseme sentimita 10, kwa hiyo mzunguko wote ni 110 na mgongo ni nusu yake, 55. Mwalimu mkono wake unatoa mishono 14 kila sentimita 10. Zidisha 14 kwa 5.5, unapata 77. Hapo hana kosa. Wewe labda unakaza uzi, au uzi ulioununua ni mwembamba kidogo, mkono wako unatoa 16. Mishono 77 kwa mkono huo ni sentimita 48, na ukiongeza vipande vya mbele mwili mzima ni 96. Sweta la sentimita 96 kwenye kifua cha 100 litafungaje?

Mishono miwili tu ya tofauti imekula sentimita 14. Ndiyo maana kila nikishika kalamu hapa nasema sampuli, sampuli, sampuli, na kila wiki kuna anayeniambia hakuwa na muda wa kufuma sampuli. Muda wa kufumua sweta zima mnautoa wapi?

Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kwa uzi ule ule, sindano ile ile na mshono ule ule. Msinifumie sampuli ya dabo tupu, ule mshono mrefu wa kawaida, halafu sweta liwe la vinundu. Vinundu vina vipimo vyake, na dabo ya kuzungushia shina la mshono wa chini, ile inayotoa misuko na mabonde, huvuta kitambaa kikawa chembamba kuliko unavyodhani. Osha kipande hicho, kikauke, ndipo uweke rula katikati na kuhesabu sentimita 10. Pembeni paache hivyo hivyo, maana kingo hudanganya. Hesabu na mistari kwenda juu, kwa sababu urefu wa kwapa unategemea hapo.

Kwako wewe, 16 mara 5.5 ni 88. Mpangilio wa vinundu ulioniandikia unarudia kila mishono minne na mmoja wa kumalizia, kwa hiyo fuma 89. Au ongeza namba ya sindano hadi upate 14, kama kitambaa hakitakuwa legelege mno. Hicho ulichonacho, fumua. Usikivute kwa pasi, wala usinunue vifungo vikubwa kuficha aibu.

Uzi kiasi gani unatosha sweta moja? (Tabata, Gongo la Mboto, Tegeta na wengine wengi)

Sweta la nani? Mshono gani? Uzi wa unene gani? Mtu haendi dukani akauliza kitambaa cha gauni ni mita ngapi bila kusema gauni la mtoto wa miaka miwili au la mama mzima.

Haya. Mtu mzima wa mwili wa kati, sweta la kufika nyongani, mikono mirefu, uzi wa unene wa kati: tarajia mita 1,200 hadi 1,500. Soma mita kwenye karatasi ya uzi, si gramu peke yake, kwa sababu gramu 100 za akriliki ya unene huo zinakaribia mita 200, na pamba ya uzito huo huo mara nyingi inatoa pungufu. Mishono ya kuinuka hula uzi kuliko dabo za kawaida. Kinundu kimoja ni dabo tano zilizobanwa mahali pa moja.

Anayetaka jibu lake mwenyewe arudi kwenye sampuli (mlidhani nimeiacha) akaipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ina gramu 15. Eneo lake ni 15 mara 15, yaani 225. Mgongo wa 55 kwa 60 ni 3,300, mbele zote mbili kiasi hicho hicho, na mikono miwili ya upana wa wastani wa 38 na urefu wa 45 inakaribia 3,400. Jumla ni kama 10,000. Gawanya kwa 225, zidisha kwa 15, unapata gramu 667 hivi. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya pindo, kola na mishono ya kuungia. Nunua gramu 750.

Nunua zote siku moja, na hakikisha namba ya rangi na namba ya mkupuo (yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja) kwenye karatasi zinafanana. Bluu ya mwezi huu na bluu ya mwezi ujao, hata kama duka ni lile lile la Kariakoo na muuzaji ni yule yule anayekuita dada, si lazima ziwe bluu moja. Kwenye mwanga wa dukani hutaona. Utaona nje, ukiwa umeshamaliza mkono wa kushoto.

Dar hii ya jasho, sweta la nini? (Kijana, Sinza)

Panda treni ya SGR kwenda Dodoma na fulana yako, kisha uniandikie tena. Au muulize anayekaa chini ya kiyoyozi ofisini Posta, au mama mwenye mtoto wa bweni Njombe.

Dada, muuzaji ananiambia uzi wake ni pamba mia kwa mia, lakini bei ni ndogo mno. Nitajuaje? Na kwa sweta la hapa mjini pamba si ndiyo bora kuliko akriliki? (Kigamboni)

Kata kipande kifupi, kishike kwa kibanio cha chuma juu ya sinki au sahani ya bati, kiwashe. Watoto wakae mbali. Pamba inaungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini yanayosagika. Sufu inanuka nywele na moto wake hujizimia wenyewe. Akriliki inawaka kwa kasi, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu. Mchanganyiko utatoa vyote viwili, majivu na kidonge. Muuzaji akikukatalia hata sentimita tano za kujaribu, jibu umeshalipata.

Kuhusu ubora, hapa najua nitagombana na watu. Pamba ni nzuri mwilini, inanyonya jasho, haiwashi. Lakini ni nzito. Sweta la misuko la pamba linaweza kukaribia kilo moja, na uzito huo unaning'inia mabegani siku nzima. Baada ya kuvaliwa mara kadhaa, mikono inafika kwenye vidole na pindo linashuka. Pamba haina mnyumbuko wa kurudi ilikotoka. Ukiipenda, chagua uzi mwembamba, mshono usio na vinundu vingi, na fuma mikono mifupi kidogo kuliko kipimo. Mishono ya kuungia mabegani ikazwe vizuri, maana hapo ndipo uzito wote unaposhikwa.

Akriliki ni nyepesi, inafulika, na inabaki na umbo. Ubaya wake hainyonyi jasho, kwa hiyo kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana utajuta. Kwa anayelivaa ofisini tu na kulivua mlangoni, akriliki inatosha. Mimi nikiombwa kuchagua nachukua mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Sufu tupu waachieni Makete.

Na kinachoniuma ni kwamba pamba tunalima wenyewe, Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa ghafi, halafu tunapigana vikumbo Kariakoo tukinunua uzi wa nje. Tulikuwa na viwanda. Urafiki pale Ubungo kilianza mwaka 1968, kikatoa khanga na vitenge. Uzi wa kufumia wa kwetu wenyewe sijui tunaungoja kutoka mbinguni.

Nimefuma vitambaa vya makochi miaka mingi, sweta sijawahi. Nianze na mshono gani? (Mama mtu mzima, Magomeni)

Shikamoo mama. Wewe uko mbele ya hawa wa video kuliko unavyojijua. Aliyefuma ua la kitambaa cha kochi kwa uzi mwembamba na sindano ya milimita moja na nusu hatashindwa na uzi mnene na sindano namba 5.

Anza na mshono wa singo (ule mfupi kuliko dabo) moja, cheni moja, ukichoma singo ya mstari unaofuata kwenye nafasi ya cheni. Unatoa kitambaa chenye chembechembe, kinakaa bapa, hakijikunji kingo, na hakili uzi kwa fujo. Ukiuzoea, weka misuko miwili tu kwenye mbele, mmoja kila upande wa vifungo. Vinundu mgongoni sishauri hata kwa fundi mzoefu. Utakaa kwenye kiti cha daladala juu ya vinundu hivyo, mkanda wa mkoba utavisugua, na baada ya miezi michache vitakuwa vimechakaa wakati mbele bado ni jipya. Picha za mtandaoni huonyesha watu waliosimama.

Pateni imesema dabo, nikifuma inatoka ndefu kuliko ya kwenye picha. (Mbezi)

Pateni ni ya Uingereza. Dabo yao ni singo ya Marekani, na trebo yao ni dabo ya Marekani. Angalia mwanzoni imeandikwa ya wapi kabla ya kuanza. Ukiona mahali popote panatajwa singo, ni ya Marekani.

Nimesikia watu wananunua masweta ya mtumba na kuyafumua wapate uzi. Ni kweli inalipa? (Buguruni)

Inalipa sana, ukijua kuchagua. Ukifika soko la mtumba la Karume usiangalie rangi kwanza. Geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa na kupigwa overloki, rudisha. Kila mstari umekatwa pale, utavuna vipande vya nusu mita na maneno ya matusi. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kikaungwa kwa uzi wa mnyororo unaofumuka. Kingo zake ni nzima, hazina nyuzi zilizochanika.

Achana na sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto ikashikana, haifumuki tena. Achana na nyuzi nyembamba mno, labda kama una subira ya kuunganisha tatu pamoja. Anza kufumua kutoka juu, shingoni, zungushia uzi mgongo wa kiti, funga sehemu nne usitatanike, loweka kwenye maji yenye sabuni kidogo, tundika ukauke. Ule mkunjomkunjo utanyooka. Usiufume ukiwa bado umejikunja, kipimo chako kitakudanganya. Na mtumba ufuliwe kabla ya kuingia kwenye kapu lenye nyuzi zako nyingine, kwa sababu wadudu hawachagui.

Uzi umenigharimu elfu 60. Mteja anataka kunilipa elfu 70, anasema yapo ya bei chini yaliyofumwa kwa mashine. Nikubali? (Temeke)

Usikubali. Sweta la namna hiyo haliishi chini ya saa 40 kwa mkono wa kawaida. Elfu 10 iliyobaki ukiigawa kwa saa 40 ni shilingi 250 kwa saa. Hela hiyo haikufikishi kituo cha pili kwa daladala.

Na mwambie mteja hivi: sweta la kusuka kwa mashine lipo, la kroshia ya kweli halipo. Mashine zinaiga sura yake, lakini kroshia yenyewe bado inafumwa kwa mkono wa mtu na sindano moja. Akiona ya bei ya kutupa, ajue kuna mtu mahali fulani amelipwa hiyo 250 yako au chini yake. Chukua malipo ya uzi kwanza, kabla ya kuanza cheni ya kwanza. Ndugu pia. Ndugu hasa.

Vifungo vikifungwa, mbele inaachama katikati. (Ukonga)

Badili sindano iwe ndogo kwa namba moja kwenye utepe wa vifungo, na shonea utepe mgumu wa kitambaa kwa nyuma. Nunua vifungo kabla hujafuma tundu, si baada.

Nimelifua sweta langu la pamba, nikalianika kwenye kamba, sasa linafika magotini. Linaweza kurudi? (Kimara)

Linaweza kurudi kiasi. Loweka tena kwenye maji ya kawaida, litoe ukiwa umelibeba lote kwa mikono miwili, usilinyanyue kwa mabega. Usilikamue kwa kulisokota. Livingirishe ndani ya taulo kubwa ulikanyage taulo hilo. Kisha lilaze bapa juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa kidogo upate upepo chini, lisukume kwa viganja hadi vipimo vyako vya awali, na ulipime kwa futi usikisie. Mahali pawe na kivuli na upepo. Kwa unyevu wa hapa linaweza kuchukua siku mbili, na wakati wa masika hata zaidi, kwa hiyo ligeuze kila baada ya saa kadhaa lisije likanuka uvundo au kuota ukungu.

Wenye akriliki, pasi msiiguse kabisa, hata ya mvuke kwa mbali. Vinundu vitalala na havitaamka. Na dobi aambiwe kwa mdomo, karatasi uliyombandikia hatasoma.