Bagamoyo na watoto: msiishie ufukweni, nendeni makumbusho ya Misheni

Mkuu umeuliza kama mkiwa Bagamoyo wikiendi na familia kuna haja ya kutoka hotelini kwenda makumbusho, au watoto watachoka bure. Mi nimeshaenda pale na wanangu na wageni tofauti tofauti, jibu langu nendeni, tena muanze nako asubuhi kabla ya kuogelea, maana mtoto akishaonja maji humtoi tena.

Nazungumzia yale ya Misheni Katoliki, ya mapadre wa Roho Mtakatifu walioingia pale 1868. Makumbusho ya Caravan Serai, ile nyumba ya zamani ya misafara pale mjini, nayo yapo ila ni madogo, mnayachungulia mkiwa mnapita. Misheni unaingilia kwenye njia ya miembe mikubwa ya zamani, kivuli mwanzo mwisho, af makumbusho yenyewe yapo kwenye nyumba ya zamani ya masista. Mchukueni muongozaji wa palepale, kwasababu ndani kuna picha nyingi na maelezo marefu ambayo mtoto hawezi kusoma yote ila akisimuliwa anatulia. Kwenye minyororo ya watumwa ndo pazito. Waandaeni watoto kabla, waambieni mapadre walikuwa wanawakomboa watu kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji hapohapo misheni, maana bila hivyo watauliza padre ananunuaje mtu, na ni swali la haki kabisa, hata mimi nililijadili na mke wangu njia nzima ya kurudi Dar.

Nje kuna ule mnara wa kanisa la kwanza, wanauita mnara wa Livingstone, hapo ndo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa Februari 1874. Muongozaji anaeleza kuwa jamaa alifariki kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, wenzake wakauzika moyo kulekule, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga wakaubeba kwa miguu miezi mpaka pwani, wakiongozwa na Chuma na Susi, wahudumu wake Waafrika. Baadae akazikwa Westminster Abbey, London. Sasa binti yangu alikuwa kimya tu muda wote, ghafla akauliza "na waliombeba wao walizikwa wapi?" Aisee kikundi kizima kiligeuka kumuangalia. Yule muongozaji alijibu vizuri, akasema wote wawili waliishia Zanzibar, Chuma alifariki 1882 na Susi 1891, af akatumia muda mrefu kuwaelezea hao wawili kuliko mzungu mwenyewe. Kwakweli hilo ndo lililonifanya niwe napeleka watu pale. Sisi shuleni tulikariri Livingstone Livingstone, waliopiga ile safari yote na maiti begani hata mtihani haukuwataja, kwahiyo mkifika mnarani ulizeni habari zao, msisubiri muambiwe.

Watoto wadogo wapelekeni kwenye mbuyu. Ulipandwa na mapadre miaka ileile ya mwanzo, na inasimuliwa kuna mama wa Kifaransa, Madame Chevalier, alikuja kusaidia wagonjwa, akawa anamfunga punda wake hapo kwa mnyororo, mnyororo ukaachwa, mti ukanenepa ukaumeza. Mkiinama kwenye shina mtakiona kipande kilichobaki nje, kifupi tu, kina kutu, na gome limekizunguka kama mdomo. Mwanangu wa mwisho aling'ang'ania kukivuta, hakutaka kuondoka.

Makaburi ya wamisionari pia yapo, wengi walikufa vijana kwa malaria na magonjwa mengine. Na kama kuna mpenda lugha kwenye familia muulizieni padre Sacleux, aliishi huku pwani miaka mingi na ndo aliyetoa ile kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939, watu wa lugha wanaitumia mpaka leo.

Vaeni kiheshima, lile ni eneo la kanisa na watu wanasali, nguo za kuogelea ziacheni hotelini, mama na mabinti wabebe hata khanga. Maji ya kunywa mtembee nayo. Magofu ya Kaole, mji wa kale wa Waswahili, yapo kilomita chache kusini, ila kwa watoto msiyabane siku hiyohiyo, wekeni Jumapili asubuhi kabla hamjageuza, kule jua likishapanda hamna pa kujificha. Na muongozaji akiwafanyia kazi nzuri mpeni chochote juu ya kiingilio.