Muulize Fundi: Nyumba ya Mwanasesere na Taa Zake

Assalamu alaykum Fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Kikwajuni. Nimejenga kwa plaiwudi nyumba ya mwanasesere, mfano wa nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe, kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Nataka ionekane kama usiku wa zamani, kabla hawajavuta umeme. Nimenunua taa za LED za mapambo Darajani, zile nyeupe za kibuluu, na nyumba sasa imekuwa kama duka la simu. Nyengine mbili nilizifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 9, zikawaka kidogo zikafa. Waya nao unaonekana kila pahala. Nifanyeje?

Waalaykumu salaam, mwalimu. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza niliitia taa 14: kila chumba, kila pembe, hata chooni. Nikamwita mkwe wangu, mama wa mke wangu, mzaliwa wa vichochoro vya Malindi, aje aone. Akainama, akachungulia dirishani, akaniuliza: "Hapa pana arusi?" Kisha akaanza kunihesabia kwa vidole. Kandili moja ukumbini, ikihitajika jikoni inabebwa. Kibatari kimoja ngazini. Chengine chumbani kwa mzee asiyelala. "Mafuta ya taa yalikuwa yakinunuliwa, mwanangu." Usiku ule ule niling'oa taa 11.

Kwa hiyo kabla hujarudi Darajani, amua kwanza nani yuko macho ndani ya nyumba hiyo na anafanya nini. Anayeshona kofia ana taa; waliolala wamo gizani. Chumba cheusi kinachopata mwanga wa mlango wa pili ndicho kitakachomfanya mtu ainame achungulie. Ungekuwa unajenga Beit al Ajaib ningekwambia tia balbu upendavyo, maana jumba lile la Sayyid Barghash la mwaka 1883 ndilo linalotajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwaka umeme. Bibi yako hakuwa Sultani.

Sasa hizo mbili ulizoziua. LED nyeupe hutaka kama volti 3. Ukiipa 9 bila ya kuizuia, inavuta umeme mpaka inajiunguza. Kinachozuia ni rizista, na mafundi redio wanazo tele. Chukua chaja kuukuu ya simu, ile ya volti 5. Toa 3 za taa, zinabaki 2. Gawa kwa umeme unaoutaka upite: mimi kwa kibatari natia miliampea 2 tu, yaani ampea 0.002, jawabu ni rizista ya omu 1,000. Taa hizi kwa kawaida huhimili miliampea 20, lakini ukizipa zote hizo umerudi duka la simu. Kila taa iwe na rizista yake. Ukizikusanya kwenye rizista moja hazitagawana sawa, moja itakula sahani ya wenzake. Mguu mrefu wa LED ni wa chanya.

Umeme ukikatika, usitegemee pawabenki: nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo mno hudhani simu imeshajaa, zikajizima. Betri tatu ndogo za rimoti kwenye kikasha chake zinatosha, na rizista ni ile ile.

Rangi je? Tafuta LED nyeupe ya milimita 3, ile inayoelekea manjano. Kwa kipimo chako hiyo ni kama sentimita 3 na nusu za kweli, sawa na ulimi wa moto ndani ya chemni. Ya milimita 5 ni moto wa kuchomea nyumba. Kisha ipake rangi ya kucha ya machungwa inayopitisha mwanga, mkono mmoja, ikauke, uitazame gizani kabla hujapaka wa pili. (Omba ruhusa ya mwenyewe. Mimi sikuomba.)

Waya ndio kazi rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu nyumba zetu zimekwisha kukusaidia. Kuta za mawe na chokaa zilikuwa na unene wa nusu mita na zaidi. Kwako ni sentimita 4. Basi jenga ukuta wa mbao mbili zenye uwazi katikati, upitishe waya humo. Juu, boriti zinaficha zilizobaki. Waya wenyewe toa kwenye transfoma mbovu ya redio: ni mwembamba kama unywele, lakini umepakwa vanishi, kwa hiyo kwangua ncha kwa wembe mpaka shaba ing'are, la sivyo risasi ya kuungia waya haishiki.

Na taa usiitundike katikati ya chumba kama balbu. Iweke kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, toboa nyuma, waya uzame ukutani. Ukimaliza, saga ncha ya penseli, chovya kidole, na juu ya kidaka pale uguse weusi unaopanda na kupotea. Ni masizi hayo. Mkwe wangu alipoyaona alinyoosha mkono kuyafuta.

Fundi, mimi ni wa Mkokotoni. Nimetengeneza mandhari ya ufukwe usiku, na mashua ya dagaa yenye karabai. Mwanga wangu unachezacheza kama mshumaa, wavuvi wananicheka. Kosa liko wapi?

Wana haki. Umenunua LED za kuchezacheza, na hizo ni za utambi. Karabai haina ulimi wa moto. Ina kijifuko cha wavu kinachong'ara, na mafuta yanasukumwa kwa pampu, kwa hiyo mwanga umetulia tuli. Tia LED ya kawaida, usiipake kitu, na rizista ya omu 330 kwa volti 5 ili iwe kali kuliko kibatari. Juu yake weka kikofia cha bati, mwanga ushuke majini. Bahari ipake vanishi mikono mitano sita, ing'ae chini ya taa.

Halafu huo mwezi uliouchora nyuma ufute. Dagaa wa taa huvuliwa siku za giza.