Kwa Anayeanza Kutunza Okidi ya Chui

Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa samadi na maji. Nilikuwa nimepewa kipande chenye mashina matano ya Ansellia africana, ile okidi ya manjano yenye madoa ya kahawia ambayo kwa madoa hayo imepewa jina la chui, nami kwa kuwa nilizoea bustani ya mchicha na nyanya, niliipanda kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikaimwagilia kila asubuhi bila kukosa. Baada ya wiki chache mashina yalikuwa yamelainika kuanzia chini, na nilipoyabonyeza kwa kidole yakatoa maji yenye harufu ya uvundo. Wageni wengi wanaoniomba ushauri huja na okidi iliyofikia hali hiyohiyo, na mara nyingi huwa wameifikisha huko kwa kuihurumia.

Mmea huu hauishi udongoni. Huota juu ya miti, kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, na huku kwetu huonekana katika misitu ya pwani na kandokando ya mito, kwenye panda za mibuyu, migunga na mikoche. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliupa jina hilo mwaka 1844 kwa kumkumbuka John Ansell, mtunza bustani aliyeukuta katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Watu wengi hudhani ni kupe wa mti, lakini haunyonyi chochote kutoka kwa mti unaoubeba. Unahitaji tu mahali pa kujishikilia, palipo na mwanga na upepo. Chakula chake hutokana na vumbi, majani yaliyooza na kinyesi cha ndege vinavyoteremshwa na mvua kando ya tawi.

Kabla ya kununua chungu, chunguza mizizi. Ile minene inayojishikiza kwenye gome imefunikwa kwa tabaka jeupe linalofanana na sponji. Ikikauka huwa na rangi ya fedha iliyofifia, na ukiinyunyizia maji utaiona ikigeuka kijani mbele ya macho yako. Rangi hiyo ndiyo kipimo changu cha kumwagilia, wala sifuati kalenda. Maadamu mizizi bado ni ya kijani, sishiki ndoo. Ikiwa imerudi kuwa nyeupe kwa siku moja au mbili, namwagilia hadi maji yachuruzike chini, kisha naiacha. Aina ya pili ya mizizi ni myembamba, imesimama wima kama sindano na kuelekea juu, ikifanya kitu kama kiota kuzunguka mashina. Kazi yake ni kunasa majani makavu yanayoanguka. Mimi niliwahi kuketi mchana mzima nikikisafisha kiota hicho kwa koleo ndogo nikidhani ni takataka, kumbe nilikuwa nauondolea mmea akiba yake ya chakula.

Kwa hiyo chombo kiwe na matundu mengi, na kisiwe na udongo hata kidogo. Mimi hutumia vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa dole gumba, vikichanganywa na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi ya pwani huwa na chumvi, hivyo yaloweke kwa siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi ya chai. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, kwa kuwa chumvi huchoma ncha za mizizi na kuzifanya nyeusi.

Kuhusu mwanga, nawaomba muwe wajasiri zaidi kuliko vitabu vya okidi za madukani vinavyoshauri. Okidi hii inapenda jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana, kama kile cha mti wenye majani madogo. Majani yake yakiwa ya kijani kilichoiva sana, mmea unaonekana kunawiri lakini hautachanua. Yakiwa ya kijani kilichopauka kidogo, uko mahali pake.

Jambo gumu kwa mgeni ni kuuacha mmea upumzike. Wakati wa masika na vuli machipukizi hukua haraka, na hapo maji yawe mengi na mbolea iwe nyepesi, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki mbili. Chipukizi likishakuwa shina kamili, kama muwa mwembamba wenye majani kileleni, na kiangazi kikaanza, punguza maji sana na uache mbolea kabisa. Baadhi ya majani yataanguka, na mgeni atashtuka na kurudi kwenye ndoo. Asifanye hivyo, kwa sababu vikonyo vya maua kwa kawaida huchomoza kwenye ncha za mashina yaliyokomaa vizuri, na yale mashina makongwe yasiyo na jani hata moja ni ghala la maji na chakula cha machipukizi yajayo. Kata lile tu lililooza au lililokauka kabisa.

Wadudu si tatizo kubwa. Vidung'ata hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na konokono huwindwa usiku kwa tochi.

Usiende kuchuma okidi msituni, wala usinunue mafungu yanayouzwa barabarani mizizi yake ikiwa imechanika. Okidi zote za porini zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini baina ya nchi, na hii hasa imepungua kwa sababu ya kuchumwa na kwa sababu miti yake hukatwa kwa ajili ya mkaa. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na huko porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu maalumu. Basi mmea mmoja mkubwa unaobanduliwa haurudishwi kwa urahisi. Nunua kwa mkuzaji anayezalisha mwenyewe, au omba kipande kwa mwenye mmea uliojaa, kisiwe na mashina chini ya matatu, na kigawanywe pale tu machipukizi mapya yanapoanza.

Okidi niliyo nayo sasa niliipata hivyo, na sikuitia chunguni. Niliifunga kwenye panda ya mwembe ulioko uani kwa vipande vya soksi kuukuu, kwa sababu waya hukata mizizi. Mwaka wa kwanza haikutoa ua lolote, na niliwahi kuivuta kidogo ili nijue kama imeshika; mizizi miwili mipya ikang'oka na gome lake. Tangu siku hiyo naitazama kwa macho tu.