Kipimo kinashika asilimia 90, je mama ana kansa kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, hana uvimbe wala maumivu, alienda tu kupima matiti kwenye kampeni, akapigwa mamogramu, ile eksirei ya matiti, wakasema kuna kitu kimeonekana. Daktari bingwa akatuambia kipimo hiki kinashika kansa kwa asilimia 90 kwa hiyo tujiandae. Toka siku hiyo mama halali, chakula hakipiti. Braza wangu yuko chuo anasema mabingwa wengi hawazijui hizo takwimu, ni kweli au anatupa moyo tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kaka yako hajatunga.

Mwaka 2007 huko Ujerumani, mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer aliwauliza madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake swali hilihili la mama. Aliwaambia hivi: katika wanawake wanaopimwa asilimia 1 wana kansa, mwenye kansa kipimo kinamshika kwa asilimia 90, na asiye nayo kinamsingizia kwa asilimia 9. Haya, mwanamke kapimwa kimeonekana kitu, uwezekano wa kuwa na kansa ni kiasi gani? Zaidi ya nusu wakajibu 8 au 9 kati ya 10. Waliopatia ni asilimia 21 tu, na walipewa majibu manne wachague, yaani hata wangebahatisha wasingefanya vibaya kuliko hapo!

Piga hesabu na mama akiwa pembeni. Chukua wanawake 1000. Wenye kansa ni 10, kipimo kinawashika 9. Wanabaki 990 wazima, na katika hao kama 89 hivi wanasingiziwa. Jumla walioambiwa "kuna kitu" ni 98, wenye kansa kweli ni 9. Kama mmoja kati ya kumi. Ile 90 ni ya kipimo kwa mtu ambaye tayari ana kansa, daktari wenu kaigeuza akaifanya ya mama.

Na kosa hili ni la zamani, mwaka 1978 watu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wanafunzi na madaktari wao 60, waliulizwa swali la aina hii wakapatia 11 tu. Mwaka 2007 tena huko Connecticut, Marekani, madaktari 277 waliokuwa wanasomea ubingwa walipewa mtihani wa takwimu zinazotumika kwenye majarida ya utafiti, wastani ukawa asilimia 41. Mimi siwaiti wajinga, takwimu tunafundishwa mapema chuoni, tunafaulu mtihani, halafu wodini unafuata anachosema mkubwa wako na hakuna anayekuuliza tena hiyo namba imetoka wapi. Inaniuma kwa sababu anayeumia ni mgonjwa. Tena inatibika, maana Gigerenzer alipowafundisha walewale kuhesabu watu badala ya asilimia, kama tulivyofanya hapo juu, waliopatia walifika asilimia 87.

Sasa nisikilize vizuri, mmoja kati ya kumi siyo sifuri. Mama ASIACHE kurudi hospitali, na hesabu hii ni ya mtu asiye na dalili kama yeye, mwenye uvimbe au chuchu inayotoa damu hesabu yake ni nyingine kabisa. Atapigwa ultrasaundi, picha nyingine, ikibidi watachukua kinyama kipelekwe maabara, hapo ndipo jibu lilipo. Mkikaa na daktari muulizeni kwa heshima tu: "Katika wanawake 100 wenye majibu kama ya mama, wangapi hukutwa na kansa kweli?" Akianza tena na asilimia za kipimo, mwombeni awahesabie watu. Na majibu ya maabara yakitoka mchukue nakala ya maandishi, msiondoke na maneno ya mdomo.