Nyota Zako Zikitoka Kama Mchele, Gia Usiziguse Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Rongai aliniandikia: "Kaka, kwenye picha nyota zangu zinatoka ndefu kama punje za mchele. Niuze hiki kitako cha darubini ninunue kingine?" Kitako ni ile mashine inayobeba darubini na kuigeuza polepole ifuate nyota. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Januari mwaka jana nilimuuliza muuzaji mmoja swali hilohilo, akanijibu, "Gia zimekufa, boss." Akanitoza 12,000 kuzifungua na kuzipaka grisi. Nikapanda juu ya paa la ploti yetu Zimmerman, hapa Nairobi, nikapiga picha ya Nebula ya Orion, lile wingu la gesi angani, kwa dakika 3. Mchele uleule. Hadi leo zile hela zinaniuma.

Wiki 6 nikawa mtumwa wa PHD2, programu inayotazama nyota moja kupitia kamera ndogo ya kuongozea, inachora grafu ya inavyoteleza, na kukirekebisha kitako. Napandisha hiki, nashusha kile, grafu inaruka tu. Maelezo karibu yote niliyosoma yaliandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao huelekeza mhimili wa kitako kwenye Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha ambayo anga huonekana kuizunguka, basi. Sisi tuko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Nyota ile hatuioni, na ncha ya kusini ya anga, tunayopaswa kuielekea, imelala chini kabisa kwenye upeo wa macho. Kwangu imejificha nyuma ya tangi la maji la jirani.

Usiku mmoja, kwa hasira, nikazima marekebisho yote, kamera ikabaki kutazama tu. Kwenye grafu, mstari wa kaskazini-kusini ukateleza polepole upande mmoja, haurudi. Gia haifanyi hivyo. Kasoro ya gia huonekana kwenye mstari wa mashariki-magharibi, unapanda na kushuka kama wimbi, na wimbi lenyewe hujirudia kila baada ya dakika kadhaa. Mstari unaoteleza bila kurudi unakwambia mhimili haujaelekea kwenye ncha. Nikamulika skrubu ya mwinuko: imegota nyuzi 13. Kitako changu hakikutengenezwa kushuka hadi 1, ilipo ncha yetu!

Nikamwomba keateka wa ploti vipande 3 vya kabro, nikaviweka chini ya mguu wa kaskazini, kitako kizima kiinamie kusini. Ile miwili mingine nikaielekeza kusini, fimbo ya vyuma vya uzani ipate kupita katikati. Zamani ilikuwa ikigonga mguu, kong! saa saba za usiku, na majirani wana maneno. Chini nikaning'iniza mfuko wa mchanga, maana kikiinama hivyo chaweza kukuangukia. Kisha nikafuata nyota zinavyoteleza: iliyo karibu na utosi nikairekebishia kushoto na kulia, iliyo chini mashariki nikairekebishia mwinuko. Saa mbili za baridi, sitakuchosha nazo.

Nyota zikawa duara. Isipokuwa mara mojamoja ziliruka ghafla, na hiyo ilikuwa kebo ya kamera inayonasa kwenye boliti. Nikaifunga kwa kamba ya kiatu.

Jamani, tunapenda kununua! Mtu hajaitazama grafu hata dakika 10, tayari anauliza bei ya kitako cha laki mbili. Na nyinyi mnaoiweka kamera ya kuongozea ipige picha za nusu sekunde, mnafukuza hewa inayotetema, si nyota. Wekeni sekunde 2 au 3, mtulie. Mikono mfukoni, mtazame kwanza. Nimelisema hili mara ngapi?

Na wewe wa Rongai, usiuze kitu. Leo usiku zima marekebisho, ngoja dakika 10, kisha nitumie picha ya grafu. Ya nyota sitaki.