Sanchin: panga mifupa kabla ya kukaza misuli

Ndugu yangu unayeanza Goju-ryu, mtindo wa karate wa kisiwa cha Okinawa, Japani, siku utakapofundishwa kata ya Sanchin, yaani mfululizo wake wa miondoko iliyopangwa, utaiona nyepesi. Hatua chache mbele, ngumi za polepole, kurudi nyuma, basi. Hakuna teke wala kuruka. Mimi niliihifadhi kwa jioni mbili, kisha nikakaa karibu miaka minne nikiikosea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikaza misuli kabla ya kupanga mifupa.

Anza chini. Miguu iachane kwa upana wa mabega, kisigino cha mguu wa mbele kiwe usawa wa vidole vya mguu wa nyuma. Mguu wa mbele ugeuke ndani kidogo, wa nyuma uelekee mbele. Usiyaamini macho yako; chora mistari miwili ya chaki sakafuni, usimame juu yake, ndipo utajua. Niliapa kwamba msimamo wangu umenyooka mpaka nilipochora, nikakuta nimezidisha urefu kwa unyayo mzima. Ukipiga hatua, mguu uteleze kwa mkunjo kama mwezi mwandamo, upite karibu na mwenzake, na kichwa kisipande wala kushuka.

Magoti yakunjike kidogo. Kifandugu kielekee chini, mgongo urefuke. Wapo wanaosukuma nyonga mbele mpaka mgongo unapinda kama upinde, wakidhani ndio uimara. Mtu wa hivyo ukimgusa kifuani kwa vidole viwili anarudi nyuma.

Sasa kiwiko, na hapa nataka utulie, maana makosa mengi ya mikono huanzia hapa. Katika mkao wa mikono miwili, kiwiko kiwe umbali wa ngumi moja kutoka mbavuni, na ngumi ifike usawa wa bega. Kiwiko kikitoka nje, kwapa linafunguka. Kwapa likifunguka, bega linapanda. Bega likipanda, mkono unakatika na mwili, unabaki unapiga kwa nguvu ya mkono peke yake. Mwalimu wangu alikuwa akiweka kiganja juu ya bega langu bila kusema neno. Bega likipanda tu, ananirudisha mwanzo wa kata. Kuna jioni sikuvuka ngumi ya kwanza.

Unapopiga, acha mkono usugue mbavu wakati wa kutoka, kiganja kikitazama juu. Usiigeuze ngumi mapema. Kiwiko kiondoke kwanza mbavuni, ndipo ngumi igeuke, na wakati huo tu mwili wote ufunge kwa muda wa nukta moja. Watu wa Okinawa wana neno lao kwa kule kufunga: chinkuchi. Wana pia muchimi, ule uzito wa kunata unaouhisi mkono unapozunguka kurudi kwenye kinga, kama mkono unaojinasua kwenye unga wa chapati uliokandwa vizuri. Ukibana mwili mwanzo hadi mwisho hupati hata kimoja.

Pumzi nayo iende na mkono: vianze pamoja, viishe pamoja. Isitoke kooni. Ukisikia koo linakwaruza, umekosea. Sauti kubwa si dalili ya kina. Na usizuie pumzi huku umejikaza, shinikizo la damu hupanda. Ukiona kizunguzungu, simama. Mwenye shinikizo la damu amwambie mwalimu kabla ya kuanza, asione haya.

Mwalimu atakapokupiga viganja mabegani na mapajani, hilo ni shime, ukaguzi wa mkao. Anatafuta palipolegea. Mgeni hahitaji makofi mazito, na usimpige mwenzako ili kujionyesha.

Utakutana pia na Sanchin zisizofanana. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu aliyefariki mwaka 1953, aliacha Sanchin inayokwenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuka; ile inayohusishwa na mwalimu wake Higaonna Kanryo ina kugeuka. Watu wa Uechi-ryu, mtindo mwingine wa Okinawa, hunyoosha vidole badala ya kufunga ngumi. Usimsahihishe mtu wa mtindo mwingine kwa kipimo cha dojo yako, yaani ukumbi wako wa mazoezi.

Kioo hakitoshi, kinakuonyesha mbele tu na kinakuvuta shingo. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni na mgongoni. Chagua jambo moja kwa wiki, labda bega la kushoto tu, mengine yaache yalivyo.

Mwisho wa kata utarudi nyuma ukifanya mawashi uke, kinga ya kuzungusha mikono, na hapo ndipo walio wengi huvunjika: mikono inawashughulisha, kisigino kinatua kwanza, uzito unaangukia nyuma. Rudia hatua hiyo peke yake, mikono ikiwa kiunoni, mpaka mguu urudi kwenye chaki bila kuutazama. Kisha ongeza mikono.